Abiria Apitaye na Sanduku Limfuatalo

Hakuna ndege iondokayo Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa ikaenda moja kwa moja hadi Toronto, Columbus au Tokyo, na kwa hiyo kila msafiri wa pwani yetu aelekeaye miji hiyo hana budi kutua kwanza katika nchi ya watu wengine, Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam, akashuka ndege moja na kupanda nyingine. Wengi hudhani kwamba ile sehemu ya kiwanja wanamongojea abiria wa mpito ni ardhi isiyo na mwenyewe. Mkataba wa Chicago wa 1944, ulio msingi wa sheria za usafiri wa anga, ulikiri kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga la nchi yake, na kiwanja cha ndege, toka mlango wake wa kwanza hata wa mwisho, kimo ndani ya mamlaka ya dola hiyo hiyo. Kupita bila viza, basi, ni ruhusa aitoayo mwenye nchi kwa masharti yake, na anaweza kuwapa watu wa taifa hili akawanyima wa taifa lile.

Hata hivyo, baada ya kuyazingatia masharti hayo kwa makini nimesadiki ya kuwa swali la viza aghalabu hujibiwa na sanduku kabla ya kujibiwa na pasipoti. Maadamu sanduku lahamishwa na wafanyakazi wa kiwanja kutoka ndege hadi ndege, mwenyewe hana haja ya kuvuka meza ya uhamiaji. Lakini likiwa halina budi kuchukuliwa kwa mkono, ni lazima avuke, kwa kuwa mkanda wa kupokelea mizigo uko upande wa pili wa meza hiyo, na kuvuka ndiko kuingia nchini.

Uhamishaji huo una utaratibu wake. Msafiri aliyenunua safari yote kwa tiketi moja, hata ikiwa ndani yake mna mashirika mawili au matatu yaliyofungamana kwa mkataba, hukabidhi sanduku lake mara moja tu, na karani hulifunga utepe wenye mistari isomwayo na mashine pamoja na nambari ya tarakimu 10, ambazo tatu kati yake, zile zifuatazo ya kwanza, ni za shirika lenyewe: 071 ni Ethiopian Airlines, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Juu ya utepe pameandikwa herufi tatu za kiwanja cha mwisho, na pamoja nazo herufi za viwanja vya njiani, kama ADD ya Addis Ababa na DOH ya Doha. Tangu Juni 2018 mashirika yaliyo wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yamejifunga kulifuatilia kila sanduku katika hatua nne: lipokewapo, lipakiwapo, likabidhiwapo kwa ndege nyingine, na lirudishwapo kwa mwenyewe. Kile kipande cha utepe apewacho abiria ni hati na ni ushahidi wake, naye yapasa akisome hapo hapo kaunta, kabla sanduku halijaondoka machoni pake. Mama mtu mzima aendaye kumtazama mjukuu wake ng'ambo, asiyejua Kiingereza wala hajapata kupanda ndege maishani mwake, asione haya kumwuliza kijana wa kaunta, “Mwanangu, sanduku langu hili nitalikuta wapi?” Naye kijana ana wajibu wa kumjibu kwa taadhima na kwa lugha aifahamuyo.

Mashaka huanzia kwenye tiketi mbili. Msafiri huona nauli nafuu ya kufika Dubai kwa shirika moja, na nauli nyingine nafuu ya kuondoka Dubai kwa shirika la pili lisilo na mkataba na la kwanza, akazinunua zote mbili akiamini kwamba amejipatia safari moja, ilhali machoni pa sheria amenunua safari mbili zisizojuana. Shirika la kwanza ahadi yake hukoma Dubai, na sanduku hutolewa mkandani Dubai. Shirika la pili humtaka abiria afike kaunta yake na sanduku mkononi kama mtu aliyetoka mjini. Ikiwa hana viza ya kuingia, amekwama kati ya sanduku asiloweza kulifikia na ndege asiyoweza kuipanda. Na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina dhamana yoyote juu yake, wala halilazimiki kumtafutia nafasi nyingine. Hatari ya namna hiyo hiyo imo katika miji yenye viwanja viwili: tiketi iingiayo kiwanja kikuu cha Istanbul na kutokea Sabiha Gökçen, au iingiayo Heathrow na kutokea Gatwick, humlazimu mtu kupita barabarani ndani ya nchi, na hapo hadhi ya abiria wa mpito haimfai kitu. Kwa maoni yangu, wakala amwuziaye mtu tiketi za namna hii bila kumweleza hayo kwa kinywa kilicho wazi amemdhulumu, hata kama kila neno liliandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi.

Asidhani mtu kwamba mashirika hukataa kupokeana mizigo kwa ukaidi mtupu. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India nambari 182 ililipuka juu ya Atlantiki, karibu na Ireland, wakafa watu 329. Bomu lilikuwa ndani ya sanduku lililopokewa Vancouver na kuhamishiwa ndege hiyo Toronto, na mwenye sanduku hakupanda kabisa. Tangu msiba huo sharti la kulinganisha sanduku na mwenyewe lilikazwa ulimwenguni, na ndiyo sababu abiria atowekaye kiwanjani hufanya ndege nzima ingoje mpaka mzigo wake uteremshwe.

Sasa nchi zenyewe, kwa maana hazilingani. Marekani haina mpito bila viza kwa watu wetu tangu Agosti 2003: hata anayepita Chicago au New York kwenda nchi ya tatu hutakiwa awe na viza, na msafiri aingiaye kwa kawaida huchukua sanduku lake katika kiwanja cha kwanza cha Marekani, akalipitisha forodhani na kulikabidhi upya, ingawa utepe wataja mji wa mbele zaidi. Aendaye Columbus kwa njia ya Doha na Chicago, basi, asilipite sanduku lake Chicago. Waondokao Abu Dhabi wamekuwa na nafuu tangu 2014, kwani maofisa wa Marekani huwakagua huko huko kabla ya kupanda.

Uingereza huwataka raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Kongo wawe na viza ya mpito hata kama hawatatoka nje ya eneo la mpito, ila kama wana viza halali ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand. Nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29, ziliweka katika Kanuni ya Viza ya 2009 orodha ya mataifa 12 ambayo raia wake hawapiti viwanja vyao bila viza ya mpito. Kongo ya Kinshasa imo, Tanzania na Kenya hazimo katika orodha hiyo ya pamoja. Naona uchungu kwamba jirani wawili wa ziwa moja, Mkongo wa Kalemie na Mtanzania wa Kigoma, wenye lugha moja na safari moja, mmoja aingojee ndege Amsterdam kwa amani na mwenzake azuiwe kupanda alikotoka. Lakini hata huyo wa Kigoma ajihadhari: akitua Amsterdam kisha Munich ndipo avuke bahari, ameingia Schengen, kwani safari kati ya viwanja hivyo viwili ni safari ya ndani, nayo yahitaji viza kamili. China, kwa upande wake, huruhusu mpito wa saa 24 kwa karibu mataifa yote, mradi tiketi ya kuendelea iwe imethibitishwa na iwe ya kwenda nchi ya tatu. Atokaye Nairobi kupitia Guangzhou kwenda Tokyo yumo, na mwenye kurudi Nairobi hayumo.

Mwenye kuamua mambo haya, kwa hakika, ni karani wa kaunta ya kwanza kabisa. Yeye hutazama kanuni katika hazina ya IATA iitwayo Timatic, kisha huamua, na akikosea shirika lake huadhibiwa. Uingereza, kwa sheria ya 1987, ilianza kutoza faini ya pauni 1,000 kwa kila abiria aliyeletwa bila hati. Kubishana na karani huyo hakuna faida pasipo karatasi. Heri kulitafuta jibu kwa shirika na kwa ubalozi kabla ya kulipa nauli, kisha kuja nalo limeandikwa.

Pakiwa na hitilafu, Mkataba wa Montreal wa 1999 humlinda msafiri. Sanduku lililoharibika litolewe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu kurudishwa, na lisilofika baada ya siku 21 laweza kudaiwa kama lililopotea. Kesi yenyewe ifunguliwe kabla ya miaka 2 kwisha. Tangu 28 Desemba 2024 ukomo wa fidia ni vipimo 1,519 vya thamani vya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000. Na kwa aliyesafiri kwa mkataba mmoja wenye mashirika kadha, mlango ni mpana: anaweza kulidai shirika la kwanza, au la mwisho, au lile ambalo mikononi mwake sanduku lilipotea, nayo yote yana dhamana kwake kwa pamoja, hata kama kila moja lamwelekezea kidole mwenzake.