Marehemu Mathias Mnyampala na Ngonjera za Watoto wa Shule

Imezoeleka kusemwa kwamba ushairi wa Kiswahili una kwao, na kwao huko ni mwambao: Lamu, Mombasa, Tanga, Pemba na Unguja. Neno hilo ni kweli kwa habari za asili yake, lakini halitoshi kwa habari za maisha yake katika karne ya ishirini. Miongoni mwa waliolipunguza nguvu neno hilo hapana aliyefanya kazi kubwa kuliko marehemu Mathias E. Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa karibu na Dodoma, ambaye hakuzaliwa katika nyumba ya Kiswahili wala hakulelewa kando ya bahari.

Mnyampala alizaliwa tarehe 18 Novemba, 1917. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo. Kiswahili alikipata kwa kujifunza, na elimu yake ya kwanza aliipata kwa wamisionari Wakatoliki. Katika umri wake alipata kuwa mwalimu, karani, liwali, na baada ya uhuru hakimu. Yafaa kazi hizo zikumbukwe, kwa maana zote ni kazi za kusema na watu wa makabila mengi kwa lugha moja. Mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa kusimamia Kiswahili sanifu ambacho msingi wake ni Kiunguja, yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na miwili tu. Kwa hiyo alikua pamoja na Kiswahili hicho, naye alikitumia si kama mgeni aliyekaribishwa barazani, bali kama mtu mwenye haki ya kuketi.

Kazi yake ya kwanza yenye sifa ni ya nathari. Kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika kilitolewa mwaka 1954 na East African Literature Bureau, na mwaka 1995 kikatokea kwa Kiingereza kwa mkono wa mwanahistoria Gregory Maddox. Katika kitabu hicho mambo ya watemi na koo za Ugogo, yaliyokuwa yakihifadhiwa kwa Kigogo katika vinywa vya wazee, yalitiwa katika Kiswahili ili msomaji wa Bukoba au wa Lindi naye ayajue. Mwaka 1961 alifuatisha hadithi fupi, Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Hata jina lake lina mafunzo kwa mwenye kupenda lugha, kwani kurina ni kitenzi chenye kazi yake maalumu, nacho ni kutoa asali mzingani. Na asali ni mali ya tangu zamani katika nchi kame za bara.

Katika ushairi alianza kwa kuonyesha kwamba sheria za wakale anazijua. Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963, na mwaka huohuo ukatoka Utenzi wa Enjili Takatifu. Mwaka 1965 ukafuata Utenzi wa Zaburi. Utenzi ulikuwa kwa karne nyingi chombo cha mafundisho ya Kiislamu na habari za vita na mashujaa. Mnyampala alikipokea chombo hicho kama kilivyo, vipande vinne vya mizani minane pamoja na kina cha mwisho kinachofunga ubeti kwa ubeti, akatia ndani yake habari za Injili. Hivyo alithibitisha kwa kitendo, si kwa hoja, kwamba bahari za ushairi si mali ya dini moja wala ya pwani peke yake.

Lakini jina lake limeenea zaidi kwa ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Julius Nyerere alikutana na washairi mwaka 1968, akawataka wazitumie karama zao kuwaeleza wananchi siasa ya nchi. Mnyampala, aliyekuwa mwenyekiti wa UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliitikia kwa utungo ulioweza kusemwa na watoto wa shule mbele ya wazazi wao.

Ngonjera haina budi kutofautishwa na malumbano. Katika malumbano, kama yale yaliyochapwa katika magazeti tangu siku za Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, mshairi mmoja humwuliza mwenziwe, na jibu huja baada ya majuma. Kila mmoja hutunga kwa akili yake, wala hapana ajuaye nani atashinda. Katika ngonjera mtungaji ni mmoja. Yeye hugawa beti kwa wasemaji wawili au zaidi: huyu haamini au hajui, yule anajua na kueleza, hupingana ubeti kwa ubeti, na mwisho hukubaliana. Beti zenyewe hufuata kawaida ya shairi: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita iliyokatwa katikati, na vina viwili, cha kati na cha mwisho.

Kwa mfano, mshororo huu uliotungwa kwa kuhesabia tu: Mtoto ukiambiwa, sikiliza ufahamu. Kila upande una mizani minane, na ile m ya mtoto ni mizani kamili, ingawa mbi ya ukiambiwa ni moja tu. Mtoto wa Kigogo, ambaye kwao mtu ni munhu, husikia mu timamu mahali pa m hiyo, na kwa hiyo hesabu haimpotezi. Akisema ngonjera mara kumi hadharani, amefundishwa matamshi, mizani na ufasaha kwa pamoja, bila ya kuambiwa kwamba yumo darasani.

Wapo waliozitia ngonjera dosari. Husemwa kwamba upande wa makosa huwekwa ili ushindwe, na kwamba mtoto hupewa jibu pamoja na swali. Lawama hiyo ina ukweli: tungo nyingi za namna hii zimekuwa hotuba zilizovikwa vina. Walakini liko jambo moja ambalo wenye kulaumu hawalipimi. Kanuni ya kupokezana ubeti kwa ubeti humlazimisha mtungaji ampe mpinzani nafasi sawa, na mtoto aliyepewa upande huo hana budi kuuhifadhi kwa moyo na kuusema kwa nguvu zote. Pale mtungaji alipokuwa mwaminifu kwa kanuni hiyo, ngonjera ilifundisha kusikiliza kabla ya kujibu. Pale alipoipuuza, ilibaki kasuku.

Mnyampala alifariki tarehe 8 Juni, 1969, asiione Ngonjera za UKUTA ikitoka. Kitabu cha kwanza kilichapwa mwaka 1970, na cha pili 1971. Habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, Maisha ni Kugharimia, zilingoja hadi mwaka 2013. Dodoma aliyoiacha ilikuwa mji wa reli na boma. Mwaka 1973 ilichaguliwa kuwa makao makuu, na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa jiji. Ihumwa alikozaliwa na Nkuhungu yenye nyumba nyingi mpya sasa ni kata za jiji hilohilo, na watoto wanaokulia humo, wengi wao wazazi wao wakiwa wametoka mikoa mingine, Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza. Siku ya mahafali ya shule husimama mistari miwili na kusema ngonjera mbele ya wageni. Wachache humjua aliyewatengenezea nafasi hiyo. Naye alikuwa jirani yao, aliyeifikia lugha hiyo kwa kujifunza.