Mafuta ya Tumboni na Kisukari: Moto Usiotoa Moshi

Husikika sana majikoni na vibarazani mwetu: "Chai yangu haina sukari, halua siigusi, vipi leo naambiwa nina kisukari?" Asemaye hivyo mara nyingi husema kweli, na swali lake lastahili jibu lililo bora kuliko lawama. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, hakianzi siku ile sukari ilipopanda katika damu. Huanza miaka mingi kabla, polepole na bila maumivu, na mara nyingi chimbuko lake huwa katika mafuta yanayozunguka matumbo.

Juma hili tumeona tuieleze safari hiyo, kwa kuwa aijuaye mapema anao uwezo wa kuikatiza.

Ufunguo na kitasa

Chakula cha wanga tulacho, kiwe wali, mkate au muhogo, hugeuka sukari na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo iingie katika seli za misuli na kutumika, kongosho hutoa homoni ya insulini. Insulini ni mfano wa ufunguo, na kila seli ina kitasa chake. Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na tangu 1922 imeokoa maisha ya wagonjwa ambao kongosho zao haziitoi.

Lakini wagonjwa wengi wa aina ya pili hawakukosa insulini hapo mwanzo. Ufunguo upo, tena mwingi. Kitasa ndicho kilichoshika kutu. Hali hii huitwa ukinzani wa insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi ili kazi ile ile ifanyike, na kwa miaka kadhaa kipimo cha sukari huonyesha kwamba mambo ni salama. Likishachoka, ndipo sukari hupanda na ugonjwa hujulikana.

Kutu yatoka wapi?

Kwa muda mrefu mafuta ya mwili yalidhaniwa kuwa ghala tu. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na mwenzao wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba mafuta ya panya walionenepa hutoa kwa wingi kemikali ya kinga ya mwili iitwayo TNF-alfa, na kwamba kemikali hiyo ilipozuiwa, insulini ilifanya kazi vyema zaidi. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yaligundua jambo la pili: mafuta ya walionenepa hujaa makrofaji, yaani chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kusafisha seli zilizokufa.

Zafuata nini huko, ilhali hakuna kijidudu? Seli ya mafuta ikijazwa kupita kiasi hutanuka, oksijeni huifikia kwa taabu, na baadhi ya seli hufa. Makrofaji huja kuzizunguka, kama majirani wanaokusanyika penye nyumba iliyoporomoka. Zikiwa hapo hutoa ishara za kuziita nyingine, nazo zikifika huita nyingine tena. Huu ndio mchochota, ile hali ambayo penye kidonda huleta joto, wekundu na uvimbe, kisha hupoa kidonda kikipona. Ndani ya mafuta haupoi, kwa sababu kinachouchochea kingalipo. Hauumi wala hauonekani, lakini ishara zake huingia katika seli na kuuzuia ujumbe wa insulini usifike.

Mafuta ya matumboni yana hatari zaidi kwa kuwa damu itokayo huko hupita kwanza katika ini. Ini likiacha kuisikia insulini huendelea kumwaga sukari usiku kucha. Ndiyo sababu mtu aliyelala bila kula aweza kuamka na sukari iliyopanda.

Si kwamba mafuta ndiyo sababu pekee. Nasaba nayo ina fungu lake, na wapo wembamba wanaougua. Lakini nasaba haibadiliki, na mafuta hupungua.

Kina mama wajihadhari zaidi

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 38.5 ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi kiasi, hali wanaume walikuwa asilimia 17.5. Mwanamke kijana kwa kawaida huweka mafuta nyongani na mapajani, ambako madhara yake ni machache. Hedhi ikikoma, mafuta huhamia tumboni. Aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito naye yumo katika hatari kubwa zaidi, hata kama sukari yake ilishuka baada ya kujifungua.

Tena kwetu mwili ukijaa husifiwa kuwa ndoa imekubali, na dera haliambii mtu kwamba kiuno kimeongezeka. Utepe wa fundi cherehani ndio usemao kweli. Uzungusheni juu kidogo ya kitovu, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke akizidi sentimita 80, na mwanamume akizidi 94, au 90 kwa mwenye asili ya Bara Hindi, imefaa akapimwe sukari.

Kapu la Marikiti

Wengi wetu tukitaka tiba huelekea Marikiti, katika maduka ya viungo yaliyopakana na soko. Hapo hununuliwa uwatu, mdalasini na habasoda, na husikika ahadi kwamba unga fulani humaliza kisukari. Viungo hivi ni vyakula vyema, na baadhi vimeonekana kushusha sukari kidogo. Lakini hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kuponya kisukari. Aachaye dawa za hospitali kwa ajili ya unga hujitia hatarini, macho, figo na miguu yake ikiwa ndiyo rehani. Naye achanganyaye unga na dawa bila ya kumwambia daktari aweza kushukiwa na sukari hata akazimia.

Hata dawa ya kutuliza mchochota yenyewe haikutosha. Mwaka 1901 daktari Mwingereza, R. T. Williamson, aliandika kwamba dawa ya jamii ya aspirini ilipunguza sukari katika mkojo wa wagonjwa. Karne moja baadaye watafiti wa Boston walibaini kuwa dawa hizo huzima ishara za mchochota, na majaribio ya salsalati, ndugu yake aspirini, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalishusha sukari kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo asiwepo wa kumeza aspirini kwa kujitibu kisukari. Yaweza kuchubua tumbo na kuleta kutokwa na damu.

Faida kubwa ya Marikiti imo katika mafungu ya mboga: mchicha, bamia, biringani, kunde na ndimu. Mbaazi na kunde hupandisha sukari polepole kuliko mahamri yanayoliwa pamoja nazo. Basi na tuzidishe mbaazi, tupunguze hamri; samaki awe wa kuchoma au wa kupaka kwa tui jepesi; na viazi karai, bhajia na sambusa viwe vya siku moja moja.

Jambo lililothibiti

Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imekaribia kiwango cha kisukari. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Kwa mama wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu tu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano: kina mama wakatoka pamoja kutembea ufukweni Mama Ngina, wakiwa na buibui zao, sitara yao ikawa kamili na miguu yao ikapata kazi. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari hata pale insulini inaposikika kwa shida.

Sukari ikipimwa kabla ya kula na ikawa 7.0 au zaidi, nendeni kituo cha afya ili kipimo kirudiwe na matibabu yaanze. Atumiaye dawa amwone daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, ili ajue kama aweza kufunga na dawa zipangwe vipi. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Qur'ani, na kuitumia si upungufu wa imani. Afungaye naye akumbuke mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuhusu theluthi ya chakula, ya maji na ya pumzi, sinia ya futari inapofunuliwa.

Mficha maradhi, mauti humuumbua. Kwa kuwa maradhi haya hujificha yenyewe, tusiyasaidie kwa kuona haya utepe na kipimo.