Mdharau Mwiba: Funzo la Luteni Columbo

Tamthilia nyingi za upelelezi humficha muuaji hadi dakika za mwisho. Columbo, tamthilia ya Marekani, ilifuata njia nyingine. Tangu mwanzo mtazamaji humwona muuaji akitenda uovu wake, kisha akifuta alama kwa ustadi. Siri imekwisha fichuka. Basi ni kipi kinachotufanya tuketi hadi mwisho?

Ni mtu mmoja: Luteni Columbo wa polisi wa Los Angeles. Alibuniwa na Richard Levinson na William Link, naye Peter Falk akamwigiza tangu 1968 hadi 2003, katika vipindi 69. Falk alipoteza jicho la kulia akiwa na umri wa miaka 3. Hilo halikumzuia kutunukiwa tuzo 4 za Emmy kwa nafasi hiyo.

Columbo huingia katika majumba ya fahari akiwa na koti la mvua lililokunjamana, gari lake kuukuu la Peugeot ameliacha nje. Huomba radhi kwa usumbufu, hupapasa mifuko akitafuta kalamu, huaga, hufika mlangoni, kisha hugeuka: limebaki jambo dogo la kuuliza. Wauaji wake ni watu wenye vyeo na sifa: daktari wa upasuaji, mwandishi wa vitabu, kiongozi wa okestra. Humwona mpumbavu, wakajitia kumweleza kila kitu. Yeye husikiliza. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kina mama watapendezwa na jambo moja zaidi. Columbo hakosi kumtaja mkewe: alivyosema, apendavyo, alivyomshauri. Bibi huyo hatumwoni hata mara moja, lakini tunamjua kwa heshima anayopewa akiwa hayupo. Ni waume wangapi huwataja wake zao kwa wema mbele ya wageni?

Hatusemi kwamba kila kitu humo kinafaa kuigwa. Sigara haimtoki mkononi, ulevi umejaa katika karamu za matajiri wale, na Luteni mwenyewe hutumia hila na uongo kumnasa mshukiwa. Mzazi na aketi na wanawe, aulize na kueleza: je, haki yaweza kutafutwa kwa uongo?

Lakini swali kubwa zaidi linatuhusu sisi wazazi. Tunawafunza watoto wasimdharau mtu kwa mavazi yake. Kisha wao hututazama tunavyomkaribisha mgeni aliyeshuka garini, na tunavyomjibu aliyekuja kwa miguu, kanzu yake imechakaa, akasimama kizingitini. Funzo watakaloshika ni lile waliloliona mlangoni petu, wala si lile tulilolitamka.