Siasa Ikiingia Kwenye Mpira: Jinsi ya Kubishana Bila Kuvunja Kikundi



Hebu tuanze na mfano. Si habari ya kikundi fulani, lakini wengi wenu mtaitambua.

Vijana ishirini na wawili wa mtaa mmoja wa Changamwe wamechangishana pesa, wakanunua televisheni kubwa na viti vya plastiki. Kila Jumamosi na Jumapili wanaonyesha mpira kwa kiingilio kidogo. Pesa zinazopatikana zinaingia kwenye mfuko wa kikundi: wa kukopeshana, wa karo na wa mazishi. Ndani ya kibanda hicho wamo wa Gor Mahia, wa AFC Leopards, wa Bandari, wa Arsenal na wa Manchester United. Wanataniana mpaka majirani wanalalamikia kelele. Miaka minne sasa, hakuna aliyemkunja mwenzake shati.

Halafu unakuja mwaka wa uchaguzi. Wakati wa mapumziko habari zinaonyeshwa, mwanasiasa anahutubia. Mmoja anasema, "Huyu ndiye wetu." Mwingine anajibu, "Nyinyi watu wa huko mko hivyo hivyo tu." Basi! Kipindi cha pili kinaanza, lakini hakuna anayetazama. Wiki inayofuata wanachama saba hawaonekani. Mwezi unaofuata wanadai fedha zao. Mfuko unagawanywa na televisheni inauzwa. Mtoto aliyekuwa alipiwe karo na mfuko ule anabaki nyumbani. Na yule mwanasiasa? Hajui hata kama kikundi hicho kilikuwapo.

Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Katika makala haya tutaeleza kwa nini watu wanaoweza kubishana juu ya mpira miaka minne wanashindwa kubishana juu ya siasa dakika tano, na kikundi kinaweza kufanya nini.

MPIRA NAO ULIANZA NA KABILA

Wako wanaosema, "Mpira hauna kabila." Maneno mazuri, lakini si kweli kabisa. AFC ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968 na inashabikiwa zaidi na Waluo. Kazi za bandarini, relini na kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta zilipowaleta watu wa bara Changamwe, walikuja na timu zao kama walivyokuja na lugha zao.

Mnamo mwaka 1980 serikali iliamuru majina ya kikabila yaondolewe kwenye vilabu. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Jina lilibadilika, lakini shabiki hakubadilika. Hili tulikumbuke, tutalirudia.

Sasa tazama mashabiki wenyewe walifanya nini. Mechi ya Gor na Leopards wanaiita mechi ya Mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya ni majirani na wanaoana. Shemeji ni mtu unayeweza kumchokoza, kumcheka, hata kumnyima chai kwa mzaha, lakini huwezi kumfukuza kwenye ukoo, kwa kuwa watoto wenu ni wamoja. Ndugu zetu wa Tanzania nao, Simba na Yanga huitana watani wa jadi. Utani si maneno matupu. Katika mila zetu nyingi, mtani anaweza kukutania hata kwenye msiba wako, na huyo huyo akashika jembe kukusaidia kuzika.

Utani una masharti yake. Kwanza, kila upande una haki ya kujibu. Pili, mzaha unaigonga timu, haumgongi mama wa mtu. Tatu, kila mmoja anajua kwamba kuna mechi nyingine; aliyecheka leo kesho atachekwa. Nne, kuna refa na kuna dakika tisini. Masharti yakivunjwa utani unageuka vita. Hata mechi za Mashemeji zimewahi kuvurugwa kwa fujo na mawe. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi, masharti ndiyo yanayolinda.

Siasa tunayoijadili kibandani mara nyingi haina hata sharti moja kati ya hayo manne. Hapo ndipo tatizo lilipo.

SISI WA MOMBASA TUNA SABABU YA KUJIHADHARI

Wazee wa Likoni hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, washambuliaji walivamia usiku kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri. Polisi sita waliuawa. Katika siku na wiki zilizofuata, nyumba na vibanda vya watu wa bara vilichomwa, zaidi ya watu mia moja walipoteza maisha, na makumi ya maelfu walihama makwao. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni, wakalala hapo na watoto na vyombo vyao. Mambo hayo yalichunguzwa na Tume ya Akiwumi iliyoteuliwa mwaka 1998. Ripoti yake ilitolewa kwa wananchi mwaka 2002.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza, maneno yalitangulia. Kulisambazwa vikaratasi vya kuwaambia watu wa bara waondoke. La pili, nyuma ya maneno hayo kulikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu ardhi na kazi, ambayo watu wenye nia mbaya waliyageuza kuwa kuni. Kuni zile hazikuisha. Mzozo wa shamba la Waitiki, huko huko Likoni, uliendelea kwa miaka mingi mpaka serikali ilipoanza kuwapa maskwota hati za ardhi mwezi wa Januari 2016.

Na si sisi peke yetu. Mwezi wa Julai 1969, nchi mbili za Amerika ya Kati, El Salvador na Honduras, zilipigana siku chache baada ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Dunia ikaviita "vita vya mpira". Lakini chanzo hakikuwa mpira. Chanzo kilikuwa ardhi, na wakulima wa El Salvador waliokuwa wamehamia Honduras na kuanza kufukuzwa. Mpira ulikuwa kiberiti tu; petroli ilikuwa imemwagwa zamani.

KUKATAZA SIASA HAKUTOSHI

Viongozi wengi wa vikundi hufikiri dawa ni kubandika tangazo ukutani: "Hapa hakuna siasa." Tunawaelewa, lakini kumbukeni ile amri ya mwaka 1980. Jina likiondolewa, jambo lenyewe hubaki. Ukikataza siasa kibandani, watu watazungumza vichochoroni, kila mmoja na wa kwao, mahali ambapo hakuna wa kumpinga wala wa kumsahihisha. Lalamiko lisilosemwa mchana mbele ya jirani litasemwa usiku nyuma ya mgongo wake.

Tena kuna watu ambao siasa kwao si mchezo. Aliyechomewa nyumba mwaka 1997, na aliyezaliwa juu ya ardhi ya babu yake akazeeka bila hati, hawawezi kuambiwa "tulieni tuangalie mpira" maisha yao yote. Heshima si kumnyamazisha mwenye uchungu. Heshima ni kumpa nafasi aseme uchungu wake bila ya yeye kumbebesha jirani makosa ambayo jirani huyo hakuyafanya.

KANUNI SABA ZA KIKUNDI

1. Jadili jambo, usijadili kabila. Chukua mfano. Mnamo Agosti 2019 lilitolewa agizo kwamba mizigo ya bandari isafirishwe kwa reli ya SGR, na Mombasa kukawa na maandamano. Mtu anaweza kusema, "Agizo lile liliwatishia kazi madereva wa matrela, mataniboi na mama wauza chakula wa Changamwe." Hilo linajibika, mwenzake anaweza kuleta hoja yake. Lakini akisema, "Wale watu wametuibia bandari," hapo hakuna jibu isipokuwa ngumi. Jihadharini na maneno mawili haya: "nyinyi" na "wale".

2. Rudia kwanza ulichosikia. Kabla ya kupinga, sema: "Kaka, nimekusikia ukisema hivi na hivi, ndivyo?" Utashangaa ni mara ngapi atajibu, "La, sikusema hivyo." Nusu ya ugomvi inaishia hapo.

3. Chagueni refa kabla ya mechi. Awe mtu anayeaminiwa na pande zote, na asiwe anampigia debe mgombea yeyote. Kama mwenyekiti ana mgombea wake, refa awe mwingine. Anayetukana kabila, dini au mzazi wa mtu apewe onyo moja. Akirudia, atoke nje kwa siku hiyo. Wiki ijayo arudi kama kawaida, kwani kadi nyekundu si kufukuzwa uanachama.

4. Wekeni wakati. Siasa isijadiliwe mechi ikiendelea, wala usiku wa matokeo ya uchaguzi, wakati damu bado inachemka. Tengeni nusu saa siku ya mkutano wa kikundi. Muda ukiisha, umekwisha.

5. Ulizeni, "Umeliona au umeambiwa?" Vikaratasi vya zamani vilipita mkono kwa mkono, siku hizi vinapita simu kwa simu. Asiyeweza kusema habari imetoka wapi asiisambaze.

6. Tenganisheni fedha na kampeni. Kila uchaguzi ukikaribia, mipira na jezi hunyesha kama mvua. Kikundi kikikubali zawadi, iandikwe kwenye kitabu cha mikutano kuwa ni mali ya kikundi, na aliyeitoa aelezwe wazi kwamba hajanunua kura wala ukumbi. Mfuko wa karo na mazishi usiguswe kwa ajili ya mgombea yeyote, hata akiwa ndugu wa mweka hazina.

7. Ijueni sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilipitishwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Inakataza maneno ya vitisho au matusi yenye lengo la kuchochea chuki ya kikabila. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Haijalishi kama ulikuwa umechemka kwa sababu ya mpira.

MTU AKITELEZA JE?

Ulimi hauna mfupa. Hata kwenye kikundi kizuri, siku moja mtu atateleza. Msingoje wiki mbili zipite. Siku hiyo hiyo au kesho yake, refa na mzee mmoja wamwendee aliyekosewa nyumbani kwake. Kisha aliyekosa aseme mbele ya kikundi, kwa sababu tusi lilisemwa mbele ya kikundi: "Mzee wangu, jana niliwasema watu wa kwenu vibaya. Nilikasirishwa na habari ile, lakini wewe si habari ile. Naomba radhi." Aliyekosewa naye halazimishwi kucheka. Apewe nafasi aseme lilivyomuuma. Baada ya hapo, neno hilo lisirudiwe tena kama mzaha.

MPIRA HUFUNGUA MLANGO TU

Mnamo Oktoba 2005, Côte d'Ivoire ilipofuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia, nchi yao ilikuwa imegawanyika kwa vita. Wachezaji wakapiga magoti mbele ya kamera, na Didier Drogba akawaomba wananchi wenzake waweke silaha chini. Mwezi wa Juni 2007 timu hiyo ilicheza Bouaké, mji uliokuwa ngome ya waasi, na watu wa pande zote wakashangilia pamoja. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 mapigano yalizuka tena. Basi tusidanganyike. Mpira unaweza kuwaketisha watu benchi moja. Watakayozungumza wakishakaa ni kazi yao wenyewe.

Wanachama wa vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe, benchi hilo tayari mnalo. Mmelinunua kwa shilingi zenu. Msikubali livunjwe na mtu ambaye hajawahi kulikalia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu ya maneno ya siasa? Nani atamwendea?

2. Ni malalamiko gani katika mtaa wetu ambayo watu huyasema pembeni tu? Tunawezaje kuyasema mchana?

3. Nani angefaa kuwa refa wetu, na kwa nini pande zote zingemkubali?

4. Kama mgombea atatuletea jezi kesho, tutajibu nini? Andikeni jibu hilo leo, kabla hajafika.