Mwanafunzi aliyebishana na mkuu wake juu ya Mungu

Tarehe 29 mwezi wa kwanza 1960, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville (Kinshasa ya leo), mwanafunzi alijadiliana na mkuu wa fakulte yake ya teolojia. Ni Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi, Katanga.

Swali: je, Mwafrika anaweza kumwaza Mungu kwa akili na desturi za kwao? Tshibangu alijibu ndiyo, teolojia yenye rangi ya Kiafrika inawezekana. Mkuu wake, Mbelgiji Alfred Vanneste, alikataa: ukweli ni mmoja kwa watu wote, basi elimu yake nayo ni moja. Ilibaki miezi mitano Kongo ipate uhuru.

Baadaye Tshibangu alikuwa rekta wa chuo kikuu cha taifa, kisha askofu wa Mbuji-Mayi.

Kwa mwanafunzi anayeanza filozofia ya dini leo, mjadala ule ni mlango mzuri. Asikimbilie kuuliza nani alishinda. Baluba wa Katanga humwita Mungu Leza, Bashi wa Bukavu humwita Nyamuzinda. Je, majina tu ndiyo yanatofautiana, ao na mawazo pia? Vanneste na Tshibangu wangejibu kila mmoja kivyake. Mwanafunzi naye atoe jibu lake, na aseme sababu.