Nunda, Kong na Gorila wa Zinj: Kipimo cha Burudani katika Filamu za Mazimwi

Filamu za kusisimua ambamo binadamu hupambana na kiumbe kinachomshinda nguvu hupimwa aghalabu kwa vigezo viwili: ukubwa wa kiumbe chenyewe na ustadi wa mitambo iliyokiunda. Vigezo hivyo havitoshi. Lau vingetosha, kila filamu mpya ingeipiku ya zamani, na hakuna mtu ambaye angeitazama tena King Kong ya mwaka 1933, ambamo zimwi ni kikaragosi kidogo. Makala haya yanakusudia kulinganisha filamu chache za aina hiyo kwa kipimo kinachopatikana katika fasihi simulizi ya Kiswahili. Filamu Congo ya mwaka 1995 itashughulikiwa kwa urefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayodai kusimulia habari za misitu na milima ya mashariki mwa Kongo, ambako wasomaji wengi wa Bunia wana jamaa, mashamba na makaburi ya wazee wao.

Kipimo chenyewe ni hadithi ya Sultani Majinuni, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870 katika kitabu cha ngano za Waswahili. Sultani huyo ana paka. Paka anakula ndama. Watu wanashtaki, naye sultani anawapuuza kwa hoja kwamba mali yote ni yake, paka na ndama. Paka anahamia kwenye mifugo mikubwa, kisha kwa watu, na hatimaye anawala wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba anapokiri kwamba huyu si paka tena bali ni nunda, mla watu. Mwana mdogo, aliyedharauliwa na wote, anatoka kumsaka. Hamfahamu mnyama anayemtafuta. Anaua mbwa na kumpelekea mama yake. Mama anamwambia siye. Anapanda ngazi kwa ngazi, mnyama baada ya mnyama, hata akafika kwa twiga, kifaru na tembo, na kila mara jibu ni lile lile, mpaka siku anapomkuta nunda mwenyewe.

Mambo mawili yanaonekana hapo. La kwanza ni taharuki. Msimulizi humficha nunda kwa kutuonyesha wanyama wasio nunda; kila mzoga unaoletwa mjini unamkuza yule ambaye bado hajaonekana, kwani ikiwa tembo siye, huyo aliyebaki ana umbo gani? La pili ni chanzo. Nunda ana mwenyewe. Alilelewa jumbani, na kila aliyeliwa aliliwa kwa sababu mkubwa alikataa kusikiliza mashtaka ya wadogo. Hata jina lake linabeba historia hiyo, kwa maana Waswahili humwita nunda paka wa nyumbani aliyetoroka na kugeuka wa mwituni. Hofu ya msikilizaji imechanganyika na ghadhabu, na mchanganyiko huo ndio unaomkalisha mkekani hadi mwisho.

King Kong, iliyoongozwa na Merian Cooper na Ernest Schoedsack, inafuata kanuni ya kwanza kwa utiifu mkubwa. Meli inasafiri, ukungu unatanda, ngoma zinalia nyuma ya ukuta, na zaidi ya robo tatu ya saa inapita kabla Kong hajatokea. Willis O'Brien alimwendesha kwa kumsogeza kidogo kidogo na kupiga picha moja moja, hata manyoya yanaonekana yakitikisika kwa alama za vidole vya mafundi. Dosari hiyo haikuiua filamu. Chanzo nacho kipo, ingawa kinachelewa: Kong hawi balaa la New York mpaka mfanyabiashara wa maonyesho anapomfunga minyororo na kumpeleka huko ili atozwe watu kiingilio.

Gojira ya Ishirō Honda, iliyotolewa Japani mwezi wa Novemba 1954, ina chanzo kizito kuliko zote. Zimwi hilo linaamshwa na majaribio ya bomu la haidrojeni, na miezi michache tu kabla, mwezi wa Machi mwaka huo, wavuvi wa Kijapani walikuwa wameangukiwa na majivu ya jaribio la Wamarekani katika kisiwa cha Bikini. Mtazamaji Mkongomani ana sababu yake ya ziada ya kutulia mbele ya filamu hiyo: sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani, likiwemo lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mwigizaji aliyevaa vazi zito la mpira anaonekana waziwazi kuwa ni mtu ndani ya vazi, wala hakuna anayecheka.

Congo iliongozwa na Frank Marshall kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980. Ilitengenezwa na watu walewale, au majirani zao, waliofanikisha Jurassic Park miaka miwili kabla: hadithi ya Crichton, na viumbe vya fundi Stan Winston. Kwa hiyo tofauti ya burudani kati yake haiwezi kuelezwa kwa upungufu wa fedha wala wa ufundi. Katika Jurassic Park mijusi mikubwa huonekana kwa takriban robo saa tu katika filamu ya saa mbili. Maji yanayotetemeka ndani ya gilasi yanatangulia kishindo cha mguu. Chanzo nacho ni tajiri aliyedhani kwamba uhai hununuliwa.

Katika Congo kampuni ya Kimarekani inatafuta almasi adimu ya buluu katika mji uliopotea uitwao Zinj, chini ya volkano ya Virunga. Mji unalindwa na gorila wa kijivu, wakali, waliofunzwa zamani na wenyeji wa mji huo kuua kila aingiaye. Hapa ndipo hadithi ingeweza kuwa nunda kamili: walinzi waliolelewa na mabwana wenye tamaa. Lakini mabwana hao wamekwisha kufa na hatupewi hata mmoja wa kumkasirikia, na tamaa ya kampuni inatendwa mbali, ofisini Marekani. Taharuki pia inatapanywa. Kabla ya kuwafikia gorila, wasafiri wanakutana na wanajeshi, makombora na viboko, lakini vituo hivyo havipandi ngazi. Hakuna kimoja kinachomfanya mtazamaji amwogope zaidi yule anayefuata. Gorila wanapotoka, wanatoka kundi zima kwa pamoja, na mwali wa leza unawakata kabla hatujawazoea. Isitoshe, aliyeiba filamu ni gorila mwingine, Amy, mpole, anayesemewa na mashine iliyofungwa mkononi mwake. Roger Ebert aliipokea filamu kwa furaha kama mzaha wa makusudi. Wengine waliiteua kushindania tuzo ya filamu mbaya kuliko zote za mwaka. Tiketi hata hivyo ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 150.

Jina la mji linastahili neno. Zinj ni lile neno Zanj ambalo wanajiografia Waarabu, kama al-Masudi katika karne ya 10, walilitumia kwa watu wa pwani, na ambalo limebaki ndani ya jina Zanzibar. Kulihamishia Virunga ni sawa na kuusukuma Mombasa hadi Rutshuru. Filamu pia ilibeba jina Congo wakati nchi ikiitwa Zaire, jina lililodumu hadi Mei 1997. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba msitu wake hauna wenyeji wanaojua lolote. Gorila wa Virunga, walao majani na mianzi, wamegeuzwa wauaji, na hakuna mtu wa huko wa kusema siye.

Ituri ingeweza kuwafundisha watunzi hao namna msitu unavyoficha. Wambuti waliwinda okapi tangu kale, ilhali wataalamu wa Ulaya hawakuwa na habari naye. Harry Johnston, akiwa mjumbe maalumu wa Uingereza nchini Uganda, alipata kwanza vipande vya ngozi yenye milia vilivyotengenezwa mikanda, na vipande hivyo vikamfanya mnyama adhaniwe kuwa aina ya punda milia. Fuvu na ngozi nzima vilipofika London mwaka 1901, akabainika kuwa ni ndugu wa twiga. Mikanda, kisha ngozi, kisha fuvu: mpangilio huo una taharuki kuliko saa nzima ya Congo, na wenye kujua walikuwepo tangu mwanzo, hawakuulizwa vizuri tu.

Filamu dhaifu hata hivyo huweza kuokolewa na sauti. Afrika ya Mashariki ina wasimulizi wanaozungumza juu ya filamu za kigeni mbele ya watazamaji au kwenye kanda. Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia umashuhuri kwa kazi hiyo katika Kiswahili, na Kampala ina wenzake katika Kiganda. Msimulizi wa aina hiyo hatafsiri maneno tu. Huwapa wahusika majina, huonya kabla ya hatari, humlaumu mwovu kwa niaba ya ukumbi, na palipo na pengo la chanzo hulijaza kwa methali au tusi. Akipewa Congo, kazi yake ya kwanza itakuwa kumtafutia yule gorila wa kijivu jina. Neno nyama, ambalo Kiswahili cha Kongo hulitumia kwa mnyama aliye hai na kwa kitoweo pia, litamfaa kwa mchezo wa maneno lakini litamshusha hadhi. Zimwi litampeleka kwenye ngano za watoto. Nunda litamlazimu amtaje aliyemfuga.