Samaki si bubu: makelele ya mu maji

Kwa mwenye kukaa Kasapa, samaki anafika kimya mu beseni ya mama muuzaji, mbichi ao wa kukauka. Lakini mvuvi anajua ingine. Kuna samaki mmoja wa jamaa ya kambale, mwenye ndevu na miiba mikali, ukimshika analia: krr, krr. Wataalamu wanamwita Synodontis. Aina moja inabeba hata jina la kwetu, Synodontis katangae. Watanzania wa Ziwa Victoria wanamwita gogogo.

Ile sauti haitoke mu kinywa. Ni mwiba wa pezi la kando njo unalia. Shina lake lina mikunjo midogo midogo, na samaki akiuzungusha unakwaruza ndani ya mfupa wa bega, kama vile ukucha unapita juu ya meno ya kitana. Samaki wengine wanatikisa kifuko cha hewa cha tumboni kwa misuli, sawa ngoma. Wengine wanagonganisha meno: mu bahari, ku matumbawe, kuna kasamaki ka rangi ya machungwa na mistari myeupe, kanapiga meno ili kufukuza mwenye kukaribia nyumba yake.

Sauti inakimbia karibu metre 1,500 kwa sekunde mu maji. Mu hewa ni 340 tu. Lakini ikifika juu ya maji, karibu yote inarudishwa chini. Njo maana mtu wa kusimama pembeni ya mto hasikie kitu.

Basi makelele yetu nayo yanaingia kule. Mwaka 2013, watafiti wawili, Bruintjes na Radford, walitoa matokeo juu ya Neolamprologus pulcher, samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika. Huyu analea watoto pamoja na wasaidizi, kama jamaa kubwa ya kwetu. Waliwafungulia sauti ya moteri ya mtumbwi, iliyorekodiwa. Samaki walipunguza kuchimba nyumba, walipunguza kufukuza wezi wa mayai, na wadogo walipigwa zaidi na wenzao.

Ile ilifanywa mu bakuli za vioo, hapana mu ziwa lenyewe. Lakini pale Kalemie na Moba, moteri za kweli zinapita kila siku, na hazizimwe wakati wa mayai.